Maji Yatapita Wapi?

Somo: Walawi 25:1–7, 23

Leo naanza na kuungama.

Mwaka jana kamati yetu iliuziwa wazo la ploti: bei nusu, hati miliki iko, mto uko pale nyuma. Mimi niliyesomea biashara nilipiga hesabu haraka. Tunajaza udongo, tunapiga ukuta wa mawe, tunapata maegesho ya magari arobaini. Niliitetea sana. Mama mmoja wa maombi, ambaye amepanga chumba huko mto unakoteremkia, aliuliza kitu kimoja: "Pasta, na maji yatapita wapi?" Nikamjibu kwamba hati ni safi. Hilo halikuwa jibu, na nilijua.

Sasa soma Walawi 25 polepole. Bwana haanzi na mwenye hati, anaanza na udongo. Mwaka wa saba shamba lipumzike, na kinachomea chenyewe kiliwe na mtumwa, na mgeni, hata na mnyama wa porini. Halafu mstari wa 23 anasema nchi ni yake, Israeli ni wageni waliokaribishwa tu. Na wewe mpangaji, tangu lini ukabomoa nyumba ya mwenyewe?

Katiba yetu ya 2010 inakaribia hapo. Kifungu cha 60 kinataka ardhi ipatikane kwa haki, itumike bila kuharibiwa, na sehemu nyeti za mazingira zilindwe. Kifungu cha 62 kinaweka mito katika ardhi ya umma. Shida ni kwamba tunasoma sheria kama wanunuzi: ni ya nani? Basi, tumemaliza. Nani ataumia nikiijaza mawe, hatuulizi. Shamba la Nabothi pia lilichukuliwa kwa barua zenye muhuri (1 Wafalme 21:8).

Mwaka 2024 Mathare ilifurika, watu wakafa, kisha tingatinga zikafika kwenye nyumba za kando ya mto. Maskini alipigwa na maji, halafu akapigwa na agizo. Ukuta unaobana mto huko juu, mwenyewe hulala pakavu.

Kamati inakutana Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Nitaomba tuiache hiyo ploti, hata kama maegesho tutangoja. Waliotoa ahadi zao waje, tuongee wazi. Yule mama nimemwomba aketi nasi, na atazungumza kabla yangu.