Laki Mbili Zinarudisha Nini?

Toyota ya mjombangu ni ya 2004. Trela lilipoigonga Changamwe, bima ya trela ikampa bei ya soko: laki mbili. Kanuni ya bima ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya ajali, asipate faida. Naikubali. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo jingine la umri ule litatafutwa humu humu, kwa mtu tusiyemjua, na maradhi yake kwenye injini. La mjomba alilijua hadi kikohozi chake. Sasa akisema waongeze, jamaa wamwita mlafi. Ulafi gani, na anadai kanuni yao wenyewe? Amewapelekea risiti za fundi, miaka sita nzima. Hawajamjibu.