Wazo la leo: Detekta ya zamani, tuibadilishe?

Swali hili wachimbaji wa Punia, mkoani Maniema, wanalo kila msimu: detekta ya metali imezeeka, je, mtu auze mbuzi wake anunue mpya? Naona ajiulize kwanza anatafuta nini. Kasiterite, jiwe la bati ambalo kampuni ya madini ya SOMINKI, iliyoundwa 1976, ililichimba Maniema, ni oksidi. Haipitishi umeme kama metali. Juu yake hata mashine ya bei kali haina la maana la kusema. Hapo koleo, karai na maji ndiyo kazi.

Dhahabu ni habari nyingine. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na mashine ya zamani isiyoweza kurekebishwa kulingana na udongo hulia ovyo kutwa nzima, hadi mtu anapuuza hata sauti za kweli. Hiyo ibadilishwe. Lakini kama inarekebishika, ijaribiwe kwanza: zika punje ya risasi kina cha vidole vinne, pitisha kisahani cha detekta polepole, karibu kabisa na ardhi. Ikiisikia, basi kisahani kidogo zaidi na vipokea sauti vizuri vya masikioni vitakufaa kwa pesa chache, maana kisahani kidogo husikia punje ndogo.

Na tahadhari: mashine za mipigo ya umeme (pulse induction) huvumilia udongo mbaya, ila nyingi hazitofautishi vizuri msumari na dhahabu. Kwenye kambi za zamani za migodi, utachimba misumari hadi jioni.