Barua ya kuthibitisha umaskini

Mama mmoja hapa Shelui, muuza chapati kwa madereva wa malori, alikuwa na shavu limevimba wiki nzima. Nikamuuliza kwa nini asiombe msamaha wa gharama. "Mwanangu, barua anaandika mtendaji wa kijiji. Yule ni mteja wangu."

Akakopa, akang'oa. Jino lingezibika, ila kuziba ni ghali zaidi.

Tangu tuanze kuchangia matibabu mwaka 1993, sera inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo na maskini. Lakini mtoto anathibitisha umri tu. Maskini anathibitisha aibu yake, kwa mtu atakayekutana naye kesho sokoni. Hicho si kiburi, ndicho alichobaki nacho.

Sawa, bila uthibitisho wenye uwezo nao watajipenyeza, tunajuana. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaahidi kuwabeba wasio na uwezo, na lazima mtu awatambue.

Mama ana miaka 57. Nikamwambia akifika 60 ataingia kundi la wazee.

"Bila barua?" akauliza.

Bado atatakiwa kuthibitisha kwamba hana.