Mwenye Mkoba na Mwenye Mwiko

Lipo swali dogo kwa umbo lakini zito kwa maana, nalo ni hili: kitu kinaponunuliwa kwa ajili ya mtu, ni nani mwenye haki ya kukichagua? Ni yule atoaye fedha, au yule atakayekitumia kila siku?

Nyumbani kwetu swali hili liliingia kwa mlango wa jikoni. Watoto wetu walichanga fedha ili mama yao aachane na mkaa. Nia yao ilikuwa njema. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, mkaa na mafuta ya taa, huua watu wapatao milioni 3 kila mwaka. Serikali yetu nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wenye shabaha kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Basi watoto wakapendekeza jiko la umeme la kioo, aina ya indaksheni, lililazwe juu ya kaunta ya granaiti nyeusi.

Mama yao aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hoja tatu. Kwanza, jiko la namna hiyo hufanya kazi kwa nguvu ya sumaku, na sufuria isiyonasa sumaku haipati moto; zake zote ni za alumini. Pili, ugali husongwa kwa nguvu, na sufuria juu ya kioo huteleza. Tatu, kimo. Meza ya kukatia mboga yafaa iishie chini kidogo ya kiwiko. Lakini ukiweka jiko na sufuria juu ya meza ya kimo hicho hicho, bega la msongaji hupanda na kuuma. Alitaka mahali pa jiko pawe chini zaidi.

Kijana wetu mkubwa akasema, "Lakini mama, tunataka upate kilicho bora."

Akamjibu kwa upole, "Bora kwa macho ya nani, baba?"

Ndugu msomaji, jibu hilo lastahili kutafakariwa. Zawadi nyingi humtazama mtoaji kuliko mpokeaji. Granaiti huonwa na mgeni apitaye. Maumivu ya bega huonwa na mpishi peke yake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo watakaosema kwamba mwenye kulipa ndiye mwenye kauli. Hoja hiyo ina nguvu dukani. Jikoni haina, kwani fedha hutoka mara moja, ilhali jasho hutoka kila siku. Isitoshe, jasho la mpishi wa nyumbani haliandikwi katika daftari lolote, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulisahau tunapohesabu nani amechangia nini.

Wapo pia watakaouliza: je, mpishi akitaka kubaki na mkaa kwa mazoea tu? Swali hili ni la haki, nami sidai kwamba mazoea ni hekima. Mwenye elimu ana wajibu wa kuitoa. Aeleze madhara ya moshi. Aeleze kwamba jiko la wati 2000 likiwaka kwa nguvu zote kwa nusu saa hula uniti moja ya umeme, na kwamba maharage huiva kwa umeme mdogo zaidi katika sufuria ya presha. Akishaeleza, anyamaze angoje jibu. Katika chuo cha ualimu tuliwaambia wanafunzi wetu kwamba kufundisha ni kumwezesha mtu achague, wala si kumchagulia.

Mama alichagua jiko la umeme la sahani mbili za chuma, kaunta ya terazo yenye vimo viwili, na sufuria ya presha kwa fedha iliyobaki. Mkaa umeondoka, kama watoto walivyotaka.

Lakini hata kama angechagua jambo ambalo sisi wengine hatulipendi, haki ingebaki yake. Kumtunza mtu bila kumuuliza ni kumfanya mtoto mdogo, hata kama ana mvi na ndiye aliyetulea. Upendo usiouliza hugeuka amri, na amri, hata ikiwa ya granaiti, haimpunguzii mtu mzigo.