Majini ya Kibo

Ukungu ukifunguka asubuhi pale Mkuu, Rombo, mlima Kilimanjaro, wenye kilele cha Kibo, huonekana mpole. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisimuliwa mengine: huko juu kuna fedha inayolindwa na majini, na walioifuata walirudi wameharibika mikono na miguu.

Majeraha yale hayakuwa ndoto. Jini lilikuwa barafu. Kiongozi wa msafara wa Rebmann aliuita weupe wa kileleni "baridi" tu, basi.

Mwingereza Ann Radcliffe alikwishatumia mbinu kama hiyo, ya kutisha kisha kufichua sababu ya kawaida, katika riwaya yake ya 1794: pazia jeusi linamzimisha msichana kwa hofu, kumbe nyuma yake kuna sanamu ya nta.

Kichekesho ni msomi wa London, William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Alikataa kuwa mlimani kuna theluji: kwake yeye, theluji yenyewe ndiyo ilikuwa mzuka.