Kuridhia Usichokijua

Mwaka 1973, Amy Sidaway wa Uingereza alipokea barua kutoka kwa daktari aliyekuwa amempasua mwaka 1960. Daktari huyo, Murray Falconer, bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, alikuwa anamjulia hali. Bi Sidaway akajibu kwamba maumivu yamerudi na hayamwachi. Tarehe 29 Oktoba 1974 aliingizwa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Maudsley jijini London, ili mfupa wa pingili za shingo uchongwe na neva iliyobanwa ipate nafasi. Mahakama zilizoichunguza kazi hiyo baadaye hazikuona uzembe katika mkono wa Falconer. Hata hivyo ugwe mgongo, ule uzi mnene unaopita katikati ya pingili na kubeba amri kutoka ubongoni, uliumia. Bi Sidaway akabaki na ulemavu mkubwa.

Hoja aliyosimamia mahakamani ni kwamba hakuambiwa. Falconer alifariki mwaka 1977, kabla kesi haijasikilizwa, kwa hiyo maneno ya watu wawili yakabaki na shahidi mmoja. Jaji wa kwanza aliona yumkini daktari aligusia hatari ya kuumia mzizi wa neva, ila ugwe hakuutaja. Hatari yote kwa jumla ilikadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2. Ya ugwe peke yake haikufika asilimia 1. Mwaka 1985 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, lilikataa rufaa yake. Malodi wengi walipima kiasi cha kuambiwa kwa desturi ya madaktari wenyewe. Lodi Scarman ndiye aliyesimama wazi na haki ya mgonjwa ya kujua, ingawa naye aliona ushahidi uliokuwapo haukutosha kumpa mama huyo ushindi.

Wanasheria wameichambua hukumu hiyo miaka mingi. Swali lililolala chini yake lina umri mkubwa kuliko mahakama yoyote: je, mtu anaweza kuridhia jambo asilolijua?

Kiswahili kimelibeba swali hili ndani ya neno lenyewe. Ridhaa, ile inayoandikwa juu ya fomu ya hospitali, ni ndugu wa damu wa radhi, anayoiomba mtoto kwa mzazi kabla ya safari, na wa kuridhika. Shina lao la Kiarabu ni moja, na yote yanazungumzia moyo uliotulia. Dole gumba lililotiwa wino halitoshi. Mtu anayekubali bila moyo Waswahili husema amekubali shingo upande, na ni vigumu kupata usemi unaomfaa zaidi mgonjwa wa pingili za shingo anayeletewa fomu usiku wa kuamkia upasuaji, miwani imeshawekwa kabatini, muuguzi amesimama na kalamu huku akiwafikiria wagonjwa wengine wanaosubiri kuandaliwa. Anatia sahihi. Ameridhia nini?

Shingo ni njia nyembamba. Ina pingili 7, na jozi 8 za neva zinatoka humo kwenda mabegani, mikononi na vidoleni. Daktari anayepitia mbele, njia iliyoenea tangu miaka ya 1950 kwa kazi ya Smith na Robinson wa Baltimore na ya Cloward wa Hawaii, hana budi kuusogeza umio pembeni, jirani na neva inayoendesha nyuzi za sauti. Ndiyo maana wengi humeza kwa taabu wiki za kwanza, na wachache sauti hukwaruza, pengine isirudi ilivyokuwa. Anayepitia nyuma ana hesabu zake nyingine.

Na kuna jambo ambalo mabingwa wenyewe bado wanabishania chanzo chake. Mgonjwa anaamka salama. Anaambiwa akunje vidole, anakunja. Ainue mikono, anainua. Ndugu wanamshukuru Mungu na kupigiana simu. Baada ya saa kadhaa, au siku ya pili au ya tatu, bega moja linakataa. Mkono unaning'inia, hauwezi hata kufika mdomoni na kijiko. Neva ya tano ya shingo imelegea. Wengi hupata nguvu tena miezi inayofuata, baadhi hubaki na udhaifu. Picha zikipigwa, vyuma viko mahali pake na ugwe una nafasi. Mara nyingi hakuna aliyekosea popote.

Dhara lisilo na mkosaji ni zito kulibeba, na hapa ndipo dini inapoulizwa maswali yake magumu. Akili inatafuta mtu wa kumbebesha: daktari, jirani mwenye kijicho, au mgonjwa mwenyewe na dhambi fulani ya zamani. Kitabu cha Ayubu kilishaliona hilo. Rafiki zake walipokuja walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na hilo ndilo jema kuliko yote waliyomtendea. Walipofungua vinywa walianza kumweleza kwamba lazima kuna alichokosa. Mwisho wa kitabu, wanaokemewa na Mungu ni hao wenye maelezo. Ayubu, aliyelia na kudai kujibiwa, anaambiwa awaombee.

Katika Kurani pia Nabii Ayubu anamlilia Mola wake kwamba dhara limempata, na ndani ya sura ya Saad Mungu anamsifu kuwa mwenye subira. Mtu yuleyule, kilio na subira kwa pamoja. Ni jambo la kukumbushana, maana mgonjwa anayesema "mkono wangu unawaka moto usiku" huambiwa upesi "subiri, shukuru uko hai", kana kwamba subira ni kufunga mdomo.

Wapo wanaotetea ukimya wa daktari kwa nia njema, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mgonjwa mwenye hofu, wanasema, akisikia neno kupooza ataikimbia tiba, na ugwe unaoendelea kubanwa utamlemaza hata bila kisu. Hilo la mwisho ni kweli: kwa wengi lengo kubwa la upasuaji ni kuzuia hali isizidi kuharibika, na kukaa nyumbani nako ni kuchagua hatari. Falconer mwenyewe hakuwa mtu asiyejali, la sivyo asingeandika barua. Huku kwetu huruma hiyohiyo huvaa sura ya ukoo: habari nzito anaitiwa mjomba au mtoto mkubwa barazani, na mwenye shingo anaachwa na maneno "utapona, inshallah".

Huruma hiyo inamnyima mtu kitu ambacho imani yake ingekihitaji. Tawakali ni kumkabidhi Mungu jambo baada ya kulishika mikononi na kuona uzito wake. Mafundisho ya Mtume kuhusu ngamia anayefungwa kwanza yanajulikana na kila mtoto wa madrasa. Asiyejua kwamba mkono wake unaweza usiinuke hajamkabidhi Mungu mkono huo. Methali ya mficha maradhi huelekezwa kwa wagonjwa siku zote. Ingefaa isikike na upande wa pili wa meza.

Asilimia 1 nayo ina ugumu wake. Kwa hospitali ni mtu mmoja kati ya 100. Kwa mtu huyo mmoja hakuna sehemu ya mia inayopooza. Ni yeye mzima. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari ambaye hakuelezwa hatari za kujifungua kwa njia ya kawaida, iliuacha msimamo wa 1985. Ilisema kipimo si asilimia peke yake: daktari aangalie lipi ni zito kwa mgonjwa huyu aliye mbele yake. Mwadhini ana sauti. Fundi cherehani ana ncha za vidole. Kuwaambia wote wawili sentensi moja iliyokaririwa ni kutomwambia hata mmoja wao.

Bi Sidaway hakuiona faida ya hukumu hiyo. Ilikuja miaka 30 baada ya ile yake.

Na mtu ambaye aliambiwa yote, akaelewa, akatia sahihi, na bega likalegea vilevile, anasimama kwenye safu msikitini. Imamu anatoa takbira. Mkono wa kulia unapanda mpaka sikioni. Wa kushoto unaishia kwenye kifungo cha tatu cha kanzu, unatetemeka kidogo, kisha anaushika kwa mkono wa kulia na kuuweka kifuani. Sheria ya sala inamtaka anachoweza tu. Kwenye mazoezi ya viungo, wiki iliyopita, ulikuwa unaishia kifungo cha nne.