Kashata Iliyoshindikana

Fundi seremala mmoja wa Tanga alikanyaga msumari wenye kutu, ukapita kandambili hadi kwenye unyayo. Jioni akafika kijiweni akichechemea, wenzake wakampokea kwa shangwe.

"Leo mbao zimelipiza kisasi!"

"Jumamosi tuna mechi Pangani, huyu keshatafuta sababu ya kukaa benchi."

"Benchi gani? Atapiga penalti kwa nyundo."

Fundi alicheka kuliko wote. Muuza vitumbua, aliyekuwa akifunga meza yake, ndiye pekee aliyeuliza kama amechomwa sindano ya pepopunda.

"Ah, shemeji, kidonda chenyewe hakifiki hata kichwa cha kiberiti. Nimeshapaka mafuta ya taa."

Mama yule alijua anachouliza. Wanawake wengi huchanjwa chanjo hiyo kliniki wakiwa wajawazito. Mwanamume akishapata zile za utotoni, huenda asikutane nayo tena mpaka uzeeni, ilhali kinga hupungua miaka ikienda. Ndiyo maana hushauriwa kuirudia kila baada ya miaka 10. Wala kosa si la kutu. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye mavi ya mifugo, na hustawi katika tundu dogo lenye kina, pasipofika hewa. Jeraha linalobubujika damu halihitaji mshauri, mtu atakimbilia hospitali mwenyewe. Hili la msumari ndilo huachiwa watani.

Pangani walikwenda, Fundi akadaka. Wiki iliyofuata akashindwa kuuma kashata, taya zimekaza.

"Deni la kahawa hilo," akasema mmoja wa wenzake, mwalimu. "Meno yamegoma mpaka ulipe."

Wakacheka tena. Usiku shingo na mgongo vikakaza pia, na alfajiri ni wao hao waliombeba.

Alilazwa wiki kadhaa katika chumba chenye giza, watu wakinong'ona, maana mlio wa mlango tu ulitosha kumkakamaza mwili mzima. Akapona. Siku ya kuruhusiwa alichanjwa tena, kwa kuwa ugonjwa huu hata ukikuumiza namna ile haukuachii kinga. Kisha muuguzi akawageukia watatu waliokuja kumchukua: nyinyi mara ya mwisho mlichanjwa lini?

Mwalimu akatazama dari. Wa pili akasema darasa la pili, au la tatu. Wa tatu alikuwa na haraka, bodaboda yake ameiacha juani.

"Kaeni," muuguzi akasema, akivuta trei ya sindano.